Mashine Mpya ya Kipantoni cha Mama Zehra

Mtu akikuletea mashine ya boti akakwambia, "Haina tatizo lolote, Fundi, wewe funga tu," weka spana chini. Agiza chai. Muulize hali za watoto. Halafu muulize, polepole, kama kweli haina tatizo kwa nini mwenyewe anaiuza. Nimefanya kazi hii hapa Tanga tangu sina ndevu mpaka zimeota, zimekuwa nyeupe na sasa zimeanza kupungua, na bado sijakutana na mtu aliyeuza mashine kwa sababu uzima wake umemchosha.

Mimi ni mtu wa shaka na sioni haya kusema. Mke wangu huwaambia wageni kwamba nikipewa kanzu ya Idi huigeuza ndani nje nikakagua mishono kabla sijasema ahsante. Ni kweli, na mara mbili nimekuta uzi umeachia. Nyinyi vijana wa ufundi mnaamini mno. Mnachomeka waya kwenye injini, simu inawaandikia ugonjwa, nanyi mnaitikia amina. Sisi tulitumia pua, sikio na kidole. Unachomoa plagi ukainusa. Unachovya kidole kwenye oili ya gia. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, ujue maji ya bahari yameingia, na muuzaji hata akiapa kwa msahafu usinunue. Unatazama mashine inavyokojoa. Msicheke, ndilo neno la kazi: ni ule mchirizi wa maji ya kupoozea unaotoka pembeni. Ukitoka kwa nguvu, mashine inapumua. Ukidondoka matone matone, ndani kuna impela iliyochoka, yaani kile kipanga kinachosukuma maji, hata kama nje imepigwa rangi jana.

Kazi nitakayowasimulia ni ya mwisho niliyoifanya kabla sijatundika ovaroli. Katika kazi hiyo nilitilia shaka kila mtu na kila kitu, isipokuwa kitu kimoja. Hicho kimoja nusura kimtose baharini mama wa watu, na kilimfukuzisha kazi mtu asiye na kosa. Nisikilizeni mpaka mwisho, kisha mtanicheka mkitaka.

Murtaza ana duka la mabomba na mifereji pale Ngamiani, duka aliloachiwa na babu yake. Mama yake, Mama Zehra, miguu ilimwishia nguvu akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Ni mtu wa bahari tangu usichana. Husema aliogelea Raskazone kabla sisi wengine hatujajua kuoga. Kila Jumapili alitaka apelekwe kwenye fungu la mchanga nje ya ghuba, akae katikati ya maji na chupa yake ya chai, basi. Boti za faiba zilimshinda, maana ili aingie ilibidi abebwe mzobemzobe na kuvushwa ubavuni. "Mimi si gunia la mchele," alimwambia mwanawe, na akakataa kabisa kubebwa.

Murtaza akatafuta mpaka akapata boti iliyotumika, ya familia moja ya wageni waliokuwa wanahama. Ilikuwa jukwaa la bapa lenye uzio na viti, limekaa juu ya mapipa mawili marefu ya alumini, moja kulia na moja kushoto. Watu wakaiita kipantoni, kwa kuwa wote wameiona pantoni ya Pangani inayovusha magari, na hii ilikuwa kama kitoto chake. Tukipita Sahare walituuliza kwa kelele nauli ya ng'ombe ni kiasi gani. Lakini Mama alisukumwa na kiti chake mpaka ndani, mlango ukafungwa, akakaa na heshima zake zote.

Niliyeitwa kufunga mashine ya kwanza, ya nguvu za farasi ishirini na tano, ni mimi. Na kwa ajili ya Mama nikaongeza vitu vyangu ambavyo sikuombwa. Niliupanua mlango wa upande wa kushoto. Na kwa kuwa kila anapopanda, pipa la upande ule hukaa juu ya mteremko wa zege na kusuguana nalo, nililivalisha kiatu kwa chini: mkanda wa shaba, nikaukaza kwenye ukingo wa pipa kwa bolti za shaba tupu. Ulipendeza kiasi kwamba niliona uchungu kuupaka rangi. Sikumtoza Murtaza hata senti kwa kazi ile, na nilijisikia mtu mwema kwa muda mrefu.

Shaba nilifundishwa na Fundi Rajabu, Mungu amrehemu, aliyenipokea kazini. Yeye alianza kwa kuunda mashua za mbao kabla ya kuingia kwenye mashine. Alikuwa akisema msumari wa chuma ni mgeni, utakaa siku chache uondoke na kukuachia tundu, lakini msumari wa shaba huoa hapo hapo. Na ni kweli. Nimebomoa mashua kuukuu ambazo mbao zimekwisha kabisa na misumari ya shaba bado mizima.

Huyo huyo Rajabu ndiye aliyenitia ugonjwa wa shaka. Siku yangu ya kwanza alinipa plagi sita nichague zilizo nzima. Nikahangaika nusu siku, nikamletea mbili. Zote sita zilikuwa mbovu. "Nani alikwambia nzima imo?" akaniuliza, na siku ile sikupewa chai.

Alinifundisha pia kutia alama. Kila bolti niliyoikaza mimi nilipitisha tupa kichwani mwake mara mbili, mikwaruzo miwili iliyo sambamba. Bandarini kulikuwa na watu, ukiwapa mgongo tu, bolti yako nzuri inaondoka na ya kwao yenye kutu inakaa mahali pake. Ukilalamika wanaapa. Mimi sikuwa naapizana na mtu, nilitazama alama. Zile alama mbili zilinitetea miaka yote, na zimewaumbua watu ambao sitawataja, kwa kuwa wengine wao tunasali msikiti mmoja.

Basi ikapita miaka kama sita, Murtaza akaniita dukani. Akanivuta nyuma ya rundo la mabomba akapunguza sauti.

"Fundi, kipantoni kimechoka. Jumapili tumerudi na upepo wa mbele, hakisogei. Magharibi imetukuta majini, Mama amelowa chapachapa, amekohoa wiki nzima. Na petroli kinakunywa mara mbili ya zamani."

"Petroli anajaza nani?"

"Hamadi."

Hamadi ndiye aliyekuwa nahodha wa kipantoni, Mpemba aliyehamia Sahare, mtu wa maneno machache. Na mimi mtu wa maneno machache huwa namhesabu kuwa mengine ameyaficha.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikamwambia Murtaza. Nilisema hivyo na kipantoni chenyewe sijakitia machoni kwa miezi.

Tukakubaliana mambo mawili: mashine ibadilishwe, iwekwe yenye nguvu zaidi, na Hamadi atazamwe.

Kuongeza mashine si kununua namba kubwa ukaining'iniza nyuma. Kila boti ya kiwandani ina kibati kinachosema mwisho wake ni farasi wangapi na watu wangapi. Kisomeni. Cha kipantoni kilisema mwisho farasi hamsini. Mimi sikukisoma tu, nilizikagua na ribiti zake, maana nimewahi kukuta kibati cha boti moja kimehamia kwenye boti nyingine. Kisha pimeni urefu wa mguu wa mashine na kibao cha nyuma kinachoibeba. Mguu ukiwa mfupi, propela inavuta hewa na kupiga kelele bila kusukuma kitu. Ukiwa mrefu mno, unaburuta maji bure na petroli inaisha. Halafu uzito: mashine kubwa ni nzito, na uzito wote ule unakwenda nyuma kabisa, pale pale ambapo boti huzama kwanza. Haya yote nilimweleza Murtaza kwa kirefu, huku nikijisikia profesa.

Mashine ya farasi arobaini aliipata Hamadi. Hoteli moja ndogo huko kusini ya Pangani ilikuwa imeacha safari za baharini, na binamu yake alifanya kazi pale. Kusikia binamu, nywele zikanisimama. Ilipoletwa kwangu Makorora nilikaa nayo siku mbili. Niliuzamisha mguu wake kwenye pipa la maji ya bomba nikaiwasha mpaka majirani wakaja kuuliza kama tumenunua mashine ya kusaga. Oili ya gia ilikuwa safi. Plagi zilikuwa na rangi nzuri ya kahawia. Namba ilikuwa mahali pake, haikukwanguliwa. Ilikojoa vizuri. Kila nilichokigusa kilikuwa kizima, na kadiri nilivyokuta uzima ndivyo nilivyozidi kutoridhika.

"Binamu yako amepata nini humu?" nikamwuliza Hamadi alipokuja kuichukua.

Akanitazama. "Kapata shukrani, Fundi. Au waitaka mbovu?"

Kisha akasema jambo ambalo nalikumbuka neno kwa neno. "Mashine kubwa ni sawa, sikatai. Lakini ile ndogo haina kosa. Chombo ndicho kizito. Maji yakipwa, kikikaa mchangani, mchanga wote wakauka. Ulio chini ya pipa la kushoto haukauki."

"Kila chombo hunywa kidogo," nikamjibu. "Kikishiba hujifunga."

Hilo ni jawabu la mbao. Mashua ikikaa juani sana, mbao hukauka na kuachana. Ukiishusha majini hunywa siku mbili tatu, mbao zikavimba, ikajifunga yenyewe. Alumini haivimbi. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina la mama yangu. Lakini nilidhani Hamadi ananitoa kwenye habari ya petroli, na nikataka anyamaze.

Kazi ya kufunga tuliifanyia Raskazone maji yakiwa yamekupwa, kipantoni kimelala mchangani. Hivyo ndivyo tunavyofanya wengi hapa, maana ni rahisi: hakuna mawimbi, unasimama juu ya nchi kavu, bolti ikikuponyoka unaiokota. Ubaya wake ni mmoja. Chini ya boti huoni.

Mama Zehra alikuwa ameletwa kutazama, amekaa chini ya mwavuli wake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mbwana." Yeye haniiti Fundi, huniita kwa jina. "Hiyo mashine mpya itakiponya kiti changu? Kikiwa humo ndani chakimbilia kushoto."

"Tangu lini?"

"Miezi sasa. Nafunga breki, bado chavuta."

"Ni breki hizo, Mama. Nitakukazia."

Na nikamkazia. Breki zile ni nzima mpaka leo.

Maji yalipojaa tukataka kukijaribu kipantoni. Murtaza akamwomba mama yake abaki nchi kavu. "Mashine kaninunulia mimi," akasema Mama, "nani atakayeijaribu?" Akasukumwa ndani. Hamadi akashika usukani, Murtaza akakaa karibu na mama yake, mimi nikachuchumaa nyuma, sikio kwenye mashine na jicho kwenye mikono ya Hamadi. Tulipita polepole mbele ya bandari, mashine inaimba vizuri. Tukatoka penye nafasi.

"Ipe tuione," akasema Murtaza.

"Kidogo kidogo," akajibu Hamadi.

"Ipe!" Hiyo ilikuwa sauti yangu. "Mashine lazima ifunguliwe."

Hamadi akaipa. Pua ikanyanyuka, na chini ya sakafu, upande wa kushoto, nikasikia kitu kikiguruma kutoka mbele kuja nyuma. Kilikuwa ni maji, yanakimbia ndani ya pipa. Kona ya kushoto ya nyuma ikazama. Bahari ikapanda juu ya sakafu, na kiti cha Mama, breki nimezikaza mwenyewe, kikateleza hivyo hivyo kizima kizima mpaka kikagonga ule mlango nilioupanua. Maji yalimfika magotini. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake na sikuweza kusogea kwa woga.

Hamadi hakuikata mashine ghafla. Likumbukeni hilo, litawaokoa siku moja: ukikata ghafla, wimbi lako mwenyewe linakufuata na kukupanda kwa nyuma. Aliipunguza taratibu kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kiti cha Mama. "Murtaza, mbele kulia! Fundi, mbele kulia! Nendeni!" Tukatambaa. Kona ikainuka, maji yakamwagika. Mama hakupiga kelele. Alikuwa ameikumbatia chupa yake ya chai, akisoma dua.

Tulirudi mwendo wa kinyonga. Tulipofika nchi kavu Murtaza hakumtazama Hamadi. Alinitazama mimi.

"Ni nini kile, Fundi?"

Hapo, vijana, ndipo pa kusema sijui. Neno sijui halijazamisha boti ya mtu. Mimi nilisema, "Amekata kona na mashine imefunguliwa yote." Sikumwona akikata kona. Nilikuwa nimeinamia mashine. Lakini nilikwisha kumtilia shaka kwa wiki tatu, na shaka ikikaa muda huo wote unaanza kuiona ni ushahidi.

Murtaza akanyoosha mkono. Hamadi akatoa funguo mfukoni akaziweka kiganjani mwake. Mimi aliniambia neno moja tu, "Kiinueni mkitazame chini," akaenda zake, viatu mkononi.

Ule mngurumo haukunitoka masikioni. Nikangoja maji ya bamvua, yanapojaa sana na kupwa mbali, tukakivuta kipantoni juu kabisa ya mteremko wa zege, tukainua upande wa kushoto kwa jeki na magogo. Nitawaambia nia yangu ilivyokuwa. Sikukiinua ili nijue ukweli. Nilikiinua ili nikamwonyeshe Murtaza kwamba chini hakuna kitu.

Ilipoadhiniwa adhuhuri wenzangu wakaenda kusali na kula. Mimi nikasema nitawafuata, nikaingia chini peke yangu. Rangi iliyo kando ya kile kiatu cha shaba ilikuwa imevimba malengelenge. Nikakwangua. Ndani mlikuwa na unga mweupe. Nikagusa kwa ncha ya bisibisi, ikaingia bila kusukumwa, na maji yenye harufu ya kuvunda yakanimwagikia mkononi mpaka kwapani. Tundu lilifuatana na tundu, mstari mzima, pale pale shaba ilipolala.

Sasa sikieni, kwa kuwa hili Fundi Rajabu hakunifundisha, na hakunifundisha kwa sababu yeye alifanya kazi na mbao. Shaba na alumini zikigusana ndani ya maji ya chumvi, moja huila nyingine. Shaba haipati hata kovu. Alumini ndiyo inayoliwa, polepole, mwaka baada ya mwaka, chini ya rangi yako nzuri. Kwenye mbao shaba ni dawa. Pale ilikuwa sumu.

Mnajua nilifikiri nini kwanza? Nilifikiri kuna mtu amekibadilisha. Wallahi. Nikiwa nimelala chali, maji yananichuruzika shingoni, nikawa natafuta adui: ametoa kiatu changu akaweka chake. Nikachukua kitambaa na tupa nikasafisha kichwa cha bolti ya kwanza nitazame kama ni yangu.

Mikwaruzo miwili, sambamba.

Bolti zilikuwa nane. Nilizisafisha zote nane, moja moja, nikitumaini japo moja iwe ya mtu mwingine.

Ningeweza kuzitoa nikazitupa baharini, nikasema pipa lilikuwa bovu tangu likinunuliwa. Nani angejua? Sitawadanganya kwamba sikulifikiria. Nililifikiria kwa muda wa kufungua bolti tatu. Kilichonizuia si ucha Mungu. Zile alama nilikuwa nimewaumbua nazo watu wengi, nimewasimamisha mbele za watu bandarini wakatoka jasho, na sasa zilikuwa zinanitazama mimi. Niliona aibu ambayo sijaiona tena. Nikazitia zote nane mfukoni, nikapanda baiskeli yangu kwenda Ngamiani, na nilipokuwa njiani zilikuwa zinanigonga pajani.

Nikazimwaga juu ya kaunta ya Murtaza.

"Hizi ni zangu," nikasema. Nikamweleza yote: shaba, alumini, maji ndani ya pipa. Kwamba kipantoni kilikuwa kinabeba bahari miezi yote ile, ndiyo maana hakisogei, ndiyo maana kinakunywa petroli. Kwamba tulipokifungulia mashine kubwa yale maji yalikimbilia nyuma penye uzito, kona ikazama. Kwamba Hamadi hakuiba hata kibaba na hakukata kona yoyote.

Murtaza alikuwa anazigeuza bolti mkononi. Aliyesema ni mama yake, kutoka kwenye kiti chake nyuma ya duka.

"Ulimwambiaje mwanangu siku ile, Mbwana? Ile ya nguoni."

Nikaanza kuzikusanya bolti zangu.

"Haya. Mimi usinieleze. Nenda Sahare."

Nilimkuta Hamadi uwanjani kwake, anaziba pancha ya baiskeli ya jirani. Nikampa bolti. Akazitazama vichwa, akazihesabu kwa kidole.

"Nane?"

"Nane."

"Na petroli?"

"Ilikwenda kusukuma maji yaliyokuwa pipani."

Akarudi kwenye pancha yake. Akapaka gundi, akangoja ikauke, akabandika kiraka, akakikandamiza kwa gumba. Mimi nimesimama tu. Halafu akasema bila kuniangalia, "Siku ile majini ulikuwa wanitazama mikono, Fundi. Nilikuona."

"Nisamehe, Hamadi."

"Kwanza tengeneza chombo."

Tukamleta fundi wa kuchomelea alumini, kijana wa rika lenu, akakata sehemu yote iliyoliwa akachomelea bamba jipya. Nilimtazama kazi nzima na sikumkosoa hata mara moja, na wanaonijua walidhani naumwa. Badala ya kiatu cha shaba tulipasua bomba gumu la plastiki kutoka dukani kwa Murtaza tukalivisha. Tukafunga na kipande cha zinki chini ya pipa. Hicho cha zinki kazi yake ni kuliwa, kinaliwa ili boti isiliwe. Kikipungua, weka kingine, msione uchungu. Na bolti nne za mashine, zile nilizokwisha kuzitia alama zangu, nilizitoa zote nikaweka nyingine za stenlesi, kila moja na washa ya plastiki isigusane na alumini.

Na niwaambie jambo la kuchekesha. Kipantoni kilipokuwa kikavu tulikijaribu tena na ile mashine ya zamani, ya farasi ishirini na tano. Kiliruka. Murtaza alinitazama, mimi nikatazama kile kisiwa cha ghubani. Lakini arobaini ilikwisha kununuliwa, na ilikuwa nzima kama binamu alivyosema, basi tukaifunga.

Jumapili iliyofuata Mama Zehra aliletwa juu ya mteremko na mwavuli wake. Hamadi alikuwa amekuja, funguo amerudishiwa, shati limepigwa pasi. Lakini hakupanda. Alianza kugonga pipa la kushoto kwa kifundo cha kidole, kutoka puani mpaka nyuma, sikio karibu na bati. Akaenda kulia akafanya vile vile. Kisha akalala chali juu ya zege lenye maji, na shati lake lile, akatazama chini. Watu wa pale ufukweni walikuwa wameacha shughuli zao. Mimi nimesimama pembeni na ndevu zangu nyeupe nakaguliwa, nami mtu hajawahi kunikagua tangu Fundi Rajabu afariki. Nilijisikia vibaya sana. Nikasimama hivyo hivyo.

Akafika kwenye zile bolti nne za mashine.

"Mbona hazina alama?"

"Sikuzitia."

Nikatoa spana na tupa nikampa. "Zikikuridhisha, tia yako."

Akakaza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne akaizungusha kidogo zaidi. "Ilikuwa imelegea," akasema. Vijana, naapa haikuwa imelegea. Nilifunga mdomo. Akachukua tupa, akapitisha mkwaruzo mmoja kwenye kila kichwa, akanirudishia.

"Mama, karibu," akaita.

Mama Zehra akafungua breki mwenyewe, akasukumwa ndani, na kiti kikatulia katikati ya sakafu, hakikwenda kushoto wala kulia. Murtaza akafuata. Mimi nikabaki juu ya zege, nikijua pa kukaa sina tena. Hamadi akawasha mashine, akaisikiliza, kisha akageuka.

"Nawe panda, Fundi. Kaa mbele kulia, nikuone mikono."

Nikapanda, nikakaa mbele kulia, mikono nimeiweka magotini.